Wifi na Waya wa Nepi

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni mfupi, ila mabega yake ni ya mtu aliyebeba vyuma tangu usichana. Aproni yake ya ngozi inamfika karibu na vifundo vya miguu. Akishusha ile ngao ya uso yenye kioo cheusi, mwanangu Kibonge, mwenye miezi minane, hucheka mpaka kwikwi inamshika. Anadhani shangazi yake anacheza naye kujificha. Basi wifi atainua ngao, atashusha, atainua tena, na mteja amesimama hapo anasubiri.

Kuchomelea vyuma alijifunza kwenye karakana ya mabasi, alikoingia kama mfagiaji. Inasemekana siku moja fundi mkuu alimwuliza kwa nini kila siku anafagia pale pale kwa wachomeleaji. Akajibu kwamba hapo ndipo penye uchafu mwingi. Fundi akamtazama, akamrushia glavu.

Karakana ilipofungwa alirudi nyumbani kwa baba yake, tunakoishi na sisi, na mashine yake juu ya mkokoteni. Hapo kasheshe ikaanza. Baba mkwe alikuwa fundi wa saa kwa miaka arobaini, mtu wa bisibisi nyembamba kama sindano. Aliizunguka ile mashine mara mbili kama anayekagua ng'ombe mgonjwa, kisha akasema ataipa wiki mbili kwenye banda la uani. Likitokea jambo, hata liwe dogo kama punje, inatoka na hairudi. Wifi hakuwa na pengine. Vibanda vya barabarani vilikuwa vimejaa, na fundi asiye na mahali hana mteja.

Kwa hiyo alifanya kazi kama aliyebeba trei ya mayai. Asubuhi aliondoa kuni na dumu la mafuta ya taa, akaweka ndoo ya mchanga karibu, akatundika turubai ili mwanga usiwachome macho wapita njia na sisi wa nyumbani. Buti lazima, shingo imefungwa kifungo, mikono mirefu hata jua liwe kali vipi. Kibano cha arthi, kile cha waya wa pili wa mashine, alikibana kwenye chuma chenyewe anachokiunga, mahali alipokwangua rangi na kutu mpaka pakang'aa. Nilimwuliza kwa nini asikibane popote tu, mbona meza nayo ni ya chuma.

"Umeme ukienda lazima urudi, wifi," akasema. "Usipouonyesha njia utajitafutia, na njia yenyewe inaweza kuwa wewe."

Kabla ya kugusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma alitangaza "Macho", nami nilimgeuzia Kibonge uso kifuani kwangu. Siku zikapita hivyo, baba mkwe mlangoni na gazeti lake, akitusoma sisi kuliko gazeti.

Tatizo ni ua wetu, mdogo kama kiganja. Waya wa kuanikia nguo, wa chuma kitupu, ulitoka kwenye nguzo ya banda ukaenda hadi ukuta wa jiko, juu ya njia ile ile anayopitishia nyaya zake. Tukapatana. Mpaka saa nne asubuhi ua ni wangu na nepi zangu. Baada ya hapo naanua kila kitu, ua unakuwa wake.

Siku ya kumi na mbili tuliamka mvua imenyesha na madimbwi yamejaa. Wifi alikuwa na geti la zahanati, la kuchukuliwa saa tisa. Kibonge naye tumbo lilikuwa limemharibika tangu alfajiri, nepi zikawa hazina hesabu. Kufika saa sita wifi aliona dimbwi linasogelea waya wa lile koleo la kushikia kijiti. Akafanya jambo ambalo mtu mwangalifu angelifanya: akauinua kutoka majini, akauning'iniza juu ya waya wa kuanikia. Saa zile ulikuwa wake, hakuna nguo.

Mimi nikatokea upande wa pili wa turubai na nepi mbili. Nikajiambia, mbili tu, tena huku mwishoni, zitamzuia nini? Nilikuwa peku kwenye tope, mikono inachuruzika maji. Kushika tu waya, kitu kikanitafuna mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikaachia, nepi ikaanguka. Sikupiga kelele. Baba mkwe alikuwa hatua kumi, ameinamia gazeti, hakuona kitu.

Nikabaki nimesimama. Nikisema, mashine inaondoka leo hii. Na mgongo wangu ulikuwa mwepesi. Kibonge alikuwa amelala ndani, lakini kwa kawaida nikianika huwa nimembeba, na vidole vyake hushika kila ninachoshika. Nikazunguka turubai, uso nimeugeuzia ukutani.

"Wifi, zima."

Akazima. Hakuuliza kwanza. Nikamnong'oneza kwamba waya wa nguo umenipiga shoti. Alivua glavu, akaushika mkono wangu, akautazama juu na chini, akaniuliza kama moyo unakwenda mbio, akanikalisha. Ndipo akachomoa plagi, akaufuata waya wake kwa vidole. Pale ulipopinda juu ya waya wa kuanikia, mpira ulikuwa umepasuka urefu wa ukucha, shaba inachungulia.

Nilimwambia baba hajaona. Afunge utepe, yaishe.

"Kama ungekuwa na mtoto mgongoni, wifi, ningefunga nini kwa utepe?" akasema.

Akaukusanya waya wote, akaenda nao mpaka mlangoni, akamwekea baba yake mapajani. "Baba, huu umempiga shoti mkweo. Kosa ni langu. Asubuhi nilikagua kila kitu, huu nikaupitishia macho tu."

Baba mkwe alinitazama, akaniuliza kama ni mzima, nikasema ni mzima. Akainuka, akaingia ndani. Wifi akaanza kufungua kamba za aproni.

Mzee alitoka na ile lenzi yake ya saa. Akaibana kwenye jicho, akakaa, akaanza kuukagua waya, inchi kwa inchi. Ilichukua saa nzima. Mtu wa zahanati akafika, akamkuta fundi wake amesimama kama mwanafunzi aliyechelewa, na mzee mwenye jicho moja kama la kinyonga. Akaanza kulalamika kwamba aliahidiwa leo. Baba mkwe, bila kuinua kichwa, akamjibu kwamba hata geti la kesho linafunga.

Alipata nyufa mbili zaidi, moja karibu kabisa na mahali wifi anaposhika. Akazitia alama ya chaki. Waya huo, akasema, si wa utepe, ni wa kutupa. Kisha akavua lenzi.

"Ua huu hautoshi vitu viwili. Kimoja kinahama."

Wifi akainamisha kichwa.

"Nepi," akasema mzee. "Mashine angalau hainuki."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope na aproni yake. Mimi nilijifanya nimenuna, ila jioni hiyo baba mkwe mwenyewe aliukata ule waya wa chuma, akachimbia miti miwili nyuma ya nyumba, akanifungia kamba ya plastiki. Huko kuna jua zuri kuliko uani, sikumwambia.

Geti liliondoka kesho yake, limemaliziwa kwa waya mpya. Siku hizi kila asubuhi mzee huupitisha waya vidoleni kabla haujachomekwa. Wifi hunung'unika kwamba mtu mzima kama yeye anakaguliwa kama mtoto wa shule kucha zake. Juzi baba mkwe alichelewa kuamka. Nilitoka na beseni langu nikamkuta wifi amekaa kwenye kigoda, aproni imefungwa, buti mguuni, plagi mkononi, anamsubiri baba yake.