Kifungo cha Kumi

Mfungaji mizigo wa Dengfeng, mtaa wa Kichina wenye maghala ya wafanyabiashara wa Kiafrika, hafungi robota kabla ya kupanga juu yake vifungo vya shati kwa umbo la pembetatu: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Wagiriki wa kale, huwaambia wateja kwa sauti ya chini, waliona kumi ndiyo namba iliyotimia, na kisichotimia hakisafirishwi. Leo lori linapiga honi, laoban mwenye ghala anafoka mlangoni, na robota la mwisho ni la Elisante: sare za shule inayofunguliwa mwezi ujao. Likiachwa, watoto watakuwa wameshanunua kwingine. Elisante anatazama vidole vinene vya mfungaji vikipapasa sakafu. Kifungo kimoja kimepotea.

"Papa, Wagiriki wako watatuacha hapa!" anapiga kelele Bernadette, mteja mwenzake, kutoka juu ya lori.

"Kwa tisa sifungi, mama."

Anarudi kupapasa palepale alipokwisha kupapasa. Hapo Elisante anatambua kwamba mtu huyu haleti ukaidi, anaogopa. Anang'oa kifungo cha shati lake na kukiweka kwenye pengo. Mfungaji anavihesabu kwa kidole, anarudia. Anavizoa vyote na kuvitia mfukoni, mikono imetulia, na kamba inakazwa kwa mvuto mmoja.