Vifaru Ambavyo Mwalimu Hakutuambia

Mwaka 1988, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alipunguzwa kazini na maisha yakatugeuka. Tukahamia Tandika kwa bibi, mama yake baba. Hela ya twisheni hakuna. Jirani mmoja, mwalimu, akajitolea kunifundisha Kiingereza nifaulu niende sekondari. Njia nyingine sikuwa nayo. Bibi alikuwa anauza bagia za kunde, akamlipa kwa hizo.

Jioni, tukiondoa maganda ya kunde zilizolowekwa, mwalimu alitusomea mimi na bibi riwaya ya Kizungu, akiitafsiri papo hapo. Ndugu wawili, shamba la urithi, binti mmoja wanayemtaka wote. Enzi za magari ya farasi. Mafuta yanalia kikaangoni, kitunguu kinanukia mpaka barabarani, nasi tumetulia tuli.

Ndipo kibanda cha video cha mtaa wa pili kikaleta picha ya riwaya ileile. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetutangazia, kwa furaha. Tukaenda wote, tukabanana kwenye mabenchi. Ndugu walikuwepo, binti alikuwepo. Lakini shamba likapigwa mabomu. Ndege, vifaru, wanajeshi, mwanzo mwisho.

Tulipotoka nje, bibi akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, mie nakuuliza. Vifaru vyote vile ulivificha wapi?"

"Bibi, kitabuni hamna vita. Waliotengeneza picha ndio wameihamishia vitani."

"Mtu anahamishaje hadithi ya mwenzake?"

"Ndivyo wanavyofanya."

"Kitabu hujakisoma, mwanangu. Umekaa unatutungia tu, huku unakula bagia zangu."

Watu wakacheka. Kesho yake mwalimu alikuja na kitabu, akakifunua mbele yetu. Nani pale angekisoma? Bibi akakitazama, akarudi kwenye kunde zake. "Asiyeona kifaru, mjukuu wangu atamfundisha nini?"

Twisheni ikaishia hapo. Nikafeli, nikashika kikaango cha bibi, nikauza bagia.

Mwalimu alihama, bibi ameshatangulia mbele za haki, kibanda siku hizi ni duka la simu. Binti yangu aliyesoma ananiambia mwalimu alisema kweli, picha hufanywa hivyo. Huenda. Kitabu chenyewe sijakisoma, na yeye pia hajakisoma.

Leo, kwa bagia hizohizo, nina nyumba Goba, fremu tatu za maduka, shamba Kimbiji na kuku mia nne. Mikataba ya Kiingereza ananisomea binti yangu. Kila akimaliza namuuliza, hapo hujaongeza kitu?