Mafuko na Gambuti Zangu

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo miguu yangu huikumbuka kabla ya kichwa. Nimeiona sumu ya mafuko uliyoleta jana kutoka mjini ukaificha nyuma ya pipa. Sikugombezi. Kaa hapa kidogo, jua bado, nikusimulie.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, huku huku Sengerema, miaka ile ya tisini biashara ilipofunguliwa. Pamba ilikuwa imewachosha watu, na malori ya wanunuzi yalianza kushuka mpaka mashambani kutafuta nyanya. Mume wangu alifanya kazi ng'ambo, Mwanza, hivyo mimi na mama mkwe ndio tuliotunza mfereji, ule ule unaotoka kwenye kijito cha mlimani, ukipita kwetu kabla ya kufika kwa jirani yetu, Mama Nyanzala. Huyo alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na bustani yake ndiyo iliyowalisha.

Mama mkwe alikuwa na desturi yake. Kila alfajiri, kabla ya kufungua banio la maji, alivua kandambili akatembea juu ya ukingo wa mfereji pekupeku, polepole, ukungu wa ziwa ukimfika kiunoni. Ungedhani anatembea usingizini. Akisikia udongo unabonyea chini ya kisigino, alijua fuko amepita hapo. Alishindilia udongo wa kichuguu, akaendelea. Tena kando ya mfereji aliacha ukanda wa viazi vitamu ambao hakuuvuna hata siku moja. "Hicho chakula cha wenyeji," aliniambia. Nilicheka moyoni. Mtu mzima anawalimia mafuko!

Basi akavuka kwa kivuko kwenda kumwona binti yake aliyejifungua, akaniachia mfereji. Siku mbili hazikupita, nikang'oa viazi vyote nikapanda nyanya. Nilitaka lori likija lijae. Na nilikuwa na gambuti mpya, mwanangu, buti za mpira, nyeusi, zinang'aa, alizoninunulia mume wangu Mabatini, kule Mwanza, maana siku hizo maduka yalijaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviota. Nilitembea nazo ukingoni kila alfajiri kama bwana mkaguzi. Niliona ukingo mzima kabisa. Gambuti hazikuniambia neno.

Baada ya wiki kama mbili ikafika zamu ya Mama Nyanzala, nikafungua banio. Maji yakashuka yakiimba, nikayafuata. Mara yakapungua, yakapungua, yakaisha. Mfereji mkavu mbele yangu, lakini nayasikia yakinong'ona chini ya ardhi. Nikainua macho: kule mteremkoni, kwenye majani makavu, vijichemchemi vilikuwa vinachipuka hapa na pale, kila kimoja na kipande chake cha jua. Nisikudanganye, vilipendeza. Nilisimama nikiviangalia, macho wazi, akili imelala, badala ya kukimbilia banio. Ndipo ukingo ukabomoka, na tope lote likashukia kitalu cha Mama Nyanzala, miche yake ya msimu mzima.

Alitoka na mtoto mgongoni. Aliinama, akachomoa mche mmoja topeni, akaufuta kwa kanga yake.

"Ndiyo ilikuwa mbegu yangu ya mwisho, mdogo wangu," alisema. Mpaka leo natamani angenitukana.

Mama mkwe aliporudi habari alishazipata njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua hizo gambuti."

Akaniongoza ukingoni. Hatua chache tu, nikasikia udongo unalegea chini ya unyayo, laini, una ubaridi, na tuliposimama kimya nikasikia mtikisiko mdogo, mtu yuko kazini huko chini. "Fuko hana kosa," alisema. "Alikuwa anakula kwake. Wewe ndiye uliyemhamishia kwenye maji ya yatima." Nililia, wala sikujificha. Siku hiyo hiyo nilichukua nusu ya miche iliyobaki kwenye kitalu chetu, nikaibeba kichwani mwenyewe mpaka kwa Mama Nyanzala, na ule ukanda nikaupanda viazi upya. Lori lilipokuja halikujaa.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli, ila kuna ufa ambao jicho haliuoni, unausikia kwa mguu mtupu. Sumu hiyo, mwanangu, utaua fuko mmoja, kesho watahamia wengine, na mashimo yatabaki pale pale. Mvua nayo itaisomba mpaka ziwani tunakochota maji ya kunywa. Waachie ukanda wao. Pita ukingoni kila alfajiri kabla ya kufungua maji, hata siku unayoona uvivu, hasa siku hiyo. Na usisahau kwamba mfereji hauishii shambani kwako: yule mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile, ndiye anayelima kule chini sasa, na leo ni zamu yake.

Mungu akujalie maji yasiyopotea njiani, jirani asiyelala njaa kwa sababu yako, na nyayo zinazosikia. Haya, vua viatu. Kumekucha.