Njia Isiyo na Ukingo wa Mawe

Si kweli kwamba marehemu Ensio Kantokoski alikuwa akipanda trekta la kuondoa theluji la dereva mwanamke, Raili, kila alfajiri kwa sababu ya mapenzi. Maneno hayo yalizaliwa kwenye sauna ya mtaa, chumba cha kuoga mvuke, hapa Oulu kaskazini mwa Finland, yakanenepa kwenye meza za kahawa, na mkewe Irmeli aliyasikia tangu yangali machanga. Hakuyajibu. Alilelewa kuamini kwamba mwenye nyumba safi hatoki barabarani na ufagio ili aonekane.

Ensio alikuwa mchoraji wa ramani za barabara katika ofisi ya mji. Majira yale ya baridi njia ya baiskeli ya kwenda shuleni ilikuwa balaa. Watoto walianguka, na wazazi wakaanza kuwapeleka kwa magari. Juu ya karatasi njia ile haikuwa na kasoro, basi akaenda kuketi kando ya dereva ajionee mwenyewe. Alirudi kwa Irmeli viatu vimelowa, akamweleza: kila penye ukingo wa mawe au nguzo ya taa, Raili hulazimika kuinua koleo la trekta, na theluji inayobaki hapo huganda na kuwa kama mwamba. Akachora upya. Njia pana kuliko koleo, isiyo na kingo, taa zote upande mmoja, na kando yake ukanda wa majani wa kulundikia theluji. Wenzake walimtania kwamba ameikatia theluji kiwanja.

Njia ilijengwa yeye akiwa kaburini. Majira haya ya baridi kamati ya mtaa ilikutana kuamua kama ipewe jina lake, na jirani yao Kerttu akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba jina la mtu huchunguzwa kwanza. Irmeli alijua kwamba akinyamaza na leo, kimya chake ndicho kitakachopiga kura.

Kahawa na mikate ya iliki vilikuwa tayari. Kama kawaida, hakuna aliyethubutu kutangulia mezani. Watu walisimama wakitazama madirisha, kila mmoja akimsukumia mwenzake heshima hiyo. Raili alikuwa mlangoni, hata koti hajavua. Irmeli akaukata ukumbi mzima, akamshika kiwiko, akamfikisha mezani wa kwanza, akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Waambie, mwenzangu, mlikuwa mkizungumza nini mle ndani ya trekta."

Raili akaguna. "Kuzungumza? Mumeo alikuwa anauliza tu. Mbona umeinua? Mbona umeshusha? Alinichosha, dada. Siku moja nikamwambia, shuka hapa utembee kwa miguu, utaona vizuri zaidi. Akashuka kweli! Baridi ile!"

Mzee mmoja alicheka hadi kahawa ikampalia, kwa kuwa huyo ndiye Ensio waliyemjua wote. Jina likapita, na mkono wa Kerttu nao ukainuka, ingawa kwa kuchelewa. Nje, watoto walikuwa wakirudi kutoka shuleni kwa baiskeli juu ya theluji iliyoshindiliwa, wala hawapunguzi mwendo.

Kerttu akajisogeza na kikombe chake.

"Lakini Irmeli, wewe mwenyewe hukuwahi kuingiwa na wasiwasi? Hata kidogo?"

"Chukua mkate, Kerttu," alisema Irmeli. "Ya mume wangu yamekwisha kusemwa. Siongezi neno."