Nilivyoendesha Kiti cha Jikoni

Nimeendesha malori miaka kumi na moja. Nilianza kama taniboi, msaidizi wa dereva, nikilala juu ya magunia ya dagaa kati ya Kigoma na Tabora. Shule niliacha darasa la sita, kwa sababu barabara ilipita mbele ya dirisha letu na hakuna mwalimu aliyeweza kuniambia inaishia wapi. Mwanamke taniboi ilikuwa kichekesho kwenye kila kituo cha mafuta. Mwanamke dereva ilikuwa kichekesho kikubwa zaidi, mpaka pale lori la mtu mwingine linapokwama kwenye tope na mimi ndiye ninayelitoa.

Sydney nilikuja kwa ndoa. Ndoa iliisha kabla ya mwaka kutimia, nami nikabaki, maana nilikuwa bado sijamaliza kuutazama mji.

Korona iliponikuta nilikuwa Guildford, mtaa wa magharibi ya Sydney, nikifungasha mikate kwenye tanuri la Mlebanoni mmoja, mzee mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Mwaka wa pili wa korona dereva wake wa gari la mikate aliacha kazi akaenda kwenye bohari kulikokuwa na malipo mazuri. Mzee akaniuliza, huku anapanga trei, kama najua kuendesha. Nilicheka hadi barakoa ikashuka puani. Nikamwambia kuhusu malori. Akasikiliza yote, akafurahi, kisha akasema bima ya gari lake haikubali leseni ya nje. Nilete leseni ya hapa, funguo ni zangu.

Nikadhani ni suala la kujaza fomu. Kumbe kuna mtihani wa maswali, ambao nilifaulu kwa kukisoma kile kitabu cha barabara na kamusi pembeni mpaka nikakipenda, halafu kuna mtihani wa barabarani, na huo wa pili una mtego. Mtu mwenye leseni ya Tanzania akishindwa mara moja tu, hata ile ruhusa ya muda ya kuendesha kwa leseni ya kwao inafutwa palepale. Anarudi kuwa mwanafunzi. Anabandika kibao cha njano chenye herufi moja nyeusi, na haruhusiwi kugusa usukani bila mtu mwenye leseni kuketi pembeni yake. Mimi, ambaye nimevuka mito bila daraja. Na gari la mikate lisingenisubiri.

Kwa mtihani nilihitaji kuazima gari dogo. Mtu pekee niliyemjua mwenye gari zima, bima kamili na moyo wa kuazimisha alikuwa mama mmoja Mrundi wa Rooty Hill, tuliyefahamiana kanisani Fairfield. Alikuwa amekaa miaka mingi kwenye kambi za wakimbizi za mkoa wetu wa Kigoma, kwa hiyo aliniita mtu wa nyumbani. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye makazi yao. Kuendesha alijifunza Sydney, akiwa amepita hamsini, alishindwa mtihani mara tatu na kufaulu mara ya nne. Leseni aliiita perimi, kama wanavyosema kwao, na aliitamka kama mtu anayetaja jina la mtoto aliyemzaa kwa shida.

Alikubali gari litumike, kwa sharti moja: kwanza anione nikiendesha.

Ilikuwa Jumapili mchana. Nilikaa kwenye usukani wa kile kigari cheupe, nikateremsha kioo, nikaweka kiwiko nje, tukaondoka. Niliendesha vizuri sana, kwa hesabu zangu. Kwenye mtaa mmoja wenye kilima nikaona kwenye kioo kuna kijana nyuma yetu ana haraka, anasogea, anarudi. Mbele yangu barabara ilikuwa tupu. Nikawasha indiketa ya kushoto.

Hapa inabidi nieleze. Kwenye barabara za malori kwetu, indiketa ni mdomo wa dereva. Umepanda mlima na mzigo, nyuma yako kuna basi limechoka kukufuata. Wewe unaona mbele, yeye haoni. Ukiwasha ya kulia unamwambia tulia, kuna kitu kinakuja. Ukiwasha ya kushoto unamwambia pita sasa. Anapita, anakushukuru kwa taa, hamtaonana tena maisha yenu yote. Nimewapitisha watu mamia kwa namna hiyo na sijawahi kumdanganya hata mmoja.

Kijana wa nyuma hakupita. Alipunguza mwendo, akidhani nakata kona. Na kwenye kichochoro cha kushoto kulikuwa na mwanamke kwenye gari jekundu, naye alidhani nakata kona, kwa hiyo akaingia barabarani mbele yangu. Nilikanyaga breki mpaka mkoba wa mama ukaruka ukamwaga vitu miguuni pake. Kati ya bampa yetu na mlango wa yule mwanamke haukuweza kupita mkono.

Mama alisubiri nisimame pembeni, akaokota vitu vyake kimoja kimoja, akaniuliza, "Ulikuwa unakata kushoto?"

"Hapana, mama. Nilikuwa namwambia wa nyuma apite."

"Nani alikutuma?"

Nikarudisha kiwiko ndani.

"Hapa hakuna mtu anaongea na wewe, sha," akasema, kwa lile neno la kwao la kumwita rafiki. "Toka kwenye kiti yangu."

Tukabadilishana nafasi. Njia nzima ya kurudi alinihesabia mambo ambayo yangeniangusha hata bila lile gari jekundu: kichwa sigeuzi, naangalia vioo tu kama mwenye lori, kwenye alama ya kusimama sikusimama, nilipunguza mwendo tu kidogo nikaendelea, na kile kiwiko nje, kwani nauza ndizi?

Tulipanga turudie Jumapili iliyofuata. Kabla ya Jumapili hiyo kufika mji ukafungwa kwa ajili ya korona, na upande wetu wa magharibi ukafungwa zaidi ya kwingine. Mitihani ya barabarani ikasimamishwa. Ruhusa ya kutoka kwa mazoezi ilikuwa saa moja kwa siku, na mtu haendi mbali na kwake, kwa hiyo Rooty Hill ilikuwa kama nchi nyingine. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya paa zetu mchana kutwa. Tanuri liliendelea, watu walikula mkate kuliko mwanzo, na mzee alimwajiri mpwa wake kuendesha, kwa muda, akasema. Nilijua maana ya kwa muda. Yule mpwa alikuwa na leseni na alikuwa ndugu.

Mama ndiye aliyepiga simu. Alikuwa ametoka zamu, saa kumi jioni. Akaniambia nichukue kiti cha jikoni nikiweke katikati ya sakafu, nitafute kitu cha duara. Nikachukua mfuniko wa sufuria. Nikaweka simu mezani, sauti juu.

"Funga mkanda."

"Mama, ni kiti."

"Funga mkanda."

Nikafunga mkanda usiokuwepo. Ndivyo nilivyoendesha wiki baada ya wiki, kila jioni aliyokuwa na nafasi, nikiwa nimeketi Guildford na yeye akinipeleka kwenye mitaa aliyoijenga kichwani. Ilinibidi niseme kwa sauti kila ninachofanya: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, kichwa begani, indiketa, sasa nageuza. Alikuwa mkali na alikuwa na ubunifu wa kutisha. Mara mbwa, mara mpira, mara shule imetoka, mara basi limesimama.

"Umegonga mzee," aliniambia siku moja.

"Mzee gani?"

"Alikuwa nyuma ya basi. Hukugeuza kichwa."

"Hukuniambia kuna mzee."

"Na barabarani nani atakuambia?"

Nilikata simu. Nilikuwa nimetoa malori kwenye tope ambalo yeye hajawahi kuliota, na sasa naua wazee kwa mfuniko wa sufuria. Siku tatu sikupokea simu yake.

Kilichonirudisha si unyenyekevu, ni kutaka kujua. Katika ile saa yangu ya mazoezi nilikuwa nikitembea hadi kwenye kipilefti kimoja, mzunguko wa magari karibu na kwangu, nasimama kando na barakoa yangu, natazama magari machache yaliyoruhusiwa kutembea. Nilianza kuwatazama madereva badala ya magari. Vichwa vyao viligeuka kwa mpangilio mmoja, kulia, mbele, begani, hata pale ambapo hakukuwa na mtu. Mwanzoni niliwaona kama kuku wanaodonoa. Siku ya tatu nikaelewa. Kwetu barabara inakwenda kwa sababu madereva wanazungumza. Hapa inakwenda kwa sababu kila mmoja anafanya kile ambacho mwenzake anakitegemea, na anajitazamia mwenyewe. Yule mwanamke wa gari jekundu hakukosea chochote. Nilimpa neno nikalivunja.

Hilo liliniuma kuliko mzee wa kwenye simu. Nikampigia mama.

Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema, "Uko kwenye alama ya kusimama. Umesimama siku tatu, hiyo ni nzuri. Sasa angalia kulia."

Mji ulipofunguliwa, mama aliamka mapema kuliko mimi kutafuta nafasi ya mtihani kwenye simu yake, akaipata. Siku mbili kabla tukaendesha kweli, kwa saa nzima. Njia nzima mkoba wake haukutikisika mapajani. Tulipofika kwangu akanifungulia mlango wa gari yeye mwenyewe, jambo ambalo sikujua nilichukulieje.

Mtahini alikuwa mwanaume mrefu wa makamo, barakoa ya buluu, kompyuta ndogo mapajani. Tulifungua madirisha yote kwa ajili ya korona. Dakika za mwanzo zilikwenda kama jikoni. Nilisimama kwenye kila alama mpaka gari likatulia kabisa. Niligeuza kichwa hadi shingo ikalia. Niliegesha kinyumenyume kati ya magari mawili, na hapo nilijiona bingwa, maana anayejua kurudisha tela nyuma hawezi kushindwa na kigari.

Kisha tukaingia mtaa mwembamba. Lori la taka lilikuwa limesimama upande wangu na kuacha nafasi ya gari moja. Kwa mbele likaja gari la fundi, lenye ngazi juu ya paa. Tukasimama wote wawili, yeye kule, mimi huku. Akaniwashia taa kubwa mara mbili.

Kwetu taa hizo zinasema: napita mimi, kaa hapo. Mama alikuwa ameniambia kwamba hapa watu wengi wakiziwasha wanamaanisha pita wewe. Mkono wangu wa kulia ulitaka kujibu. Ulikuwa mkono wa miaka kumi na moja na ulijua mambo mengi ya kusema. Nikaushikilia kwenye usukani. Nikajiambia taa ya mtu si barabara. Niliangalia magurudumu yake, niliangalia kando ya lori la taka, na kweli mtu wa taka akatokea kwa nyuma akiburuta pipa, akapita katikati ya ile nafasi bila kumtazama yeyote. Kama ningekwenda ningekuwa juu yake. Alipotoka, yule fundi akaachia usukani akainua mikono yote miwili kama anayeuliza unangoja nini, kisha akakata tamaa akaja yeye. Nikamwacha apite. Nikaangalia tena, begani, nikapita.

Mtahini aliandika kitu. Aliandika kwa muda mrefu. Nilikuwa na uhakika nimeangushwa kwa kuzubaa, na njia yote ya kurudi niliendesha kama mtu anayeendesha kwa mara ya mwisho, kwa hiyo niliendesha vizuri.

Tulipoegesha akazima kile kidude chake, akaniuliza kama nimewahi kuendesha magari makubwa. Nikamwambia malori, Tanzania, miaka kumi na moja. Akasema anaona, naacha nafasi mbele kuliko wengi, na pale kwenye lori la taka wengi wangekwenda. Kisha akasema nimefaulu, kwa sauti ileile, kama anayetaja saa.

Mama alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani. Niliinua dole gumba. Alisimama, akatembea hadi katikati ya maegesho, akaanza kuimba wimbo wa kwao huku anapiga makofi na kurusha mabega. Watu waliokuwa kwenye foleni, kila mmoja mita yake na barakoa yake, waligeuka wote. Mwanamke mmoja akapiga makofi naye bila kujua sababu. Mimi nilijiunga na mama, nikiwa na funguo zake mkononi, tukacheza pale mpaka mlinzi akatukumbusha kwa upole kuhusu umbali.

Ndani, wakati wa kupigwa picha ya leseni, niliambiwa nivue barakoa na nisicheke. La kwanza nililiweza.

Jumatatu mzee wa mikate aliitazama kadi yangu mbele na nyuma, akanipa funguo. Mpwa wake akaonekana kufurahi kuliko mimi. Alichoka kuamka alfajiri. Nilipeleka mikate Fairfield, maduka yote, nikarudi kupitia mtaa wa nyuma, na saa nne asubuhi trei zilikuwa tupu. Mzee alitaka gari saa sita. Kwenye taa za kuongozea magari kulikuwa na kibao cha barabara ya magharibi, chenye jina la milima ambayo nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, buluu, kutoka kwenye jukwaa la stesheni. Nilikuwa na saa mbili, na mafuta nusu tangi. Nikaenda kuona.