Ziko Sawa

Jemutai alikuwa na mdomo mfupi. Ukimuuliza swali anakujibu kwa neno moja, na ukitaka la pili unangoja mpaka uchoke. Majirani pale Kiamunyi walisema ana maringo. Maringo gani, jamani! Mwanamke anashinda jikoni na mabaki ya plastiki ya betri kwenye nywele, aringe na nini? Hakupenda tu kuongea, na kazi yake haikudai maneno.

Alianza kwa kufufua betri za pikipiki za umeme. Kisha mdogo wake, Kipkirui, akaachiwa feni kuukuu ya kuruka na Mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Unaivaa mgongoni kama lile bomba la kunyunyizia viazi dawa, kitambaa kikubwa kama parachuti kinajaa upepo juu yako, na mota inakusukuma mpaka watu wanakuwa wadogo kama kuku. Haitumii petroli, ni betri tupu. Betri zenyewe zilikuwa zimechoka, na nani wa kuzifufua kama si dada yake, kwenye meza ile ile ya kukatia sukuma?

Betri ya aina hiyo ni seli nyingi zilizofungwa vikundi vikundi. Kikundi kimoja kikiwa nyuma ya vingine, mota ikivuta kwa nguvu hicho kinaishiwa kwanza, umeme wote unakatika, na wewe uko huko juu miguu inaning'inia. Kwa hiyo Jemutai alipima kila kikundi kwa mita, akachaji kilicho chini, akapunguza kilicho juu, mpaka vyote vikasoma namba ile ile. Hapo alikuwa akisema, "Ziko sawa." Alimaanisha zimelingana, basi. Lakini seli zinaweza kulingana kwa nguvu, na zinaweza kulingana kwa uchovu, na mita ya mezani haikuambii ni ipi. Ndiyo maana baadaye alizifunga kwenye taa kubwa za lori alizonunua Salgaa, zikawaka kutwa nzima juu ya karai la mchanga, aone kama betri zitabeba mzigo au zitalegea. Zikibeba, alisema neno lingine: "Ruka."

Kipkirui alikuwa ameyasikia maneno hayo yote mawili mara nyingi. Hakuwahi kuuliza yanatofautianaje. Uhai wake ulitegemea zile betri, na yeye alishughulika na miwani ya jua.

Asubuhi ya harusi ya binamu yao Cheptoo, kule Subukia, aliingia jikoni na marafiki wawili. Alikuwa ametangazia ukoo mzima kwamba atamwaga maua juu ya bibi harusi kutoka angani.

"Siz, betri!"

"Bado taa," Jemutai alisema. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusawazisha, waya za taa ziko mkononi.

"Taa za nini na jua limewaka?" Kipkirui akawageukia wenzake. "Mnaona huyu? Hata bwana yake alipimwa, akapimwa, mpaka akatoroka."

Wale vijana walicheka wakashikana mabega. Jemutai alisikia uso ukimwaka moto. Bwana yake alikuwa ameondoka kweli, na ni Kipkirui aliyembebea masanduku.

"Niambie tu, ziko sawa ama haziko sawa?"

Jemutai aliangalia mita. Namba ilikuwa ile ile kuanzia kikundi cha kwanza mpaka cha mwisho.

"Ziko sawa."

Hakudanganya. Lakini alijua anaulizwa kitu kingine, na alijua seli zile zimezeeka. Maneno ya pili yalikuwa hapo kooni: lakini hazijabeba mzigo. Akayameza. Wacha mota imzimikie, alijiambia, ashuke kwenye mahindi ya mtu, shati lake jeupe liingie matope, naye achekwe siku moja. Alitaka hicho tu, achekwe.

Huko Subukia wanawake walipiga vigelegele walipomwona akitokea. Alipita chini kabisa juu ya hema, akamwaga maua, Cheptoo akaruka kwa furaha. Kisha akaongeza moto wote apande juu ya miti ya blugamu kwenye ua. Feni ikanyamaza. Hapakuwa na mahindi upande ule. Aliugonga mti, akaangukia mgongo kwenye tangi la maji la simenti.

Jemutai alifika wa kwanza, mama yao nyuma yake. Kipkirui alifungua macho.

"Siz," alisema, "si ulisema ziko sawa?"

Mama alisikia. Na wakati madaktari waliposema miguu ndiyo basi tena, hakulia mbele yao. Alimgeukia binti yake. "Wewe ndiye ulisema sawa. Wewe ndiye utamwosha."

"Mama, sawa yangu ilikuwa ya kulingana."

"Kwani kuna sawa ngapi?"

Jemutai angeendelea, angefika kwenye yale maneno aliyoyameza.

Sasa Kipkirui analala kwenye chumba kilichopakana na jikoni. Kila asubuhi dada yake akimaliza kumwosha, Kipkirui anamwamuru alete mita. Jemutai anashika sindano za mita, anadunga unyayo wa kulia. Mguu hautikisiki. Anadunga wa kushoto.

"Haya, fundi. Miguu ziko sawa?"

Asipojibu, Kipkirui hali chakula mpaka jioni, na Mama anapigiwa simu.

Juzi Jemutai alishindwa. Akaiweka mita chini. "Kip, siku ile nilijua. Kuna maneno sikukuambia."

Kipkirui hakushtuka hata kidogo. "Nilikuona ukiyameza," alisema. "Kwani unadhani nakuuliza kila siku kwa nini?"

Akajivuta kwenye mto, akaiangalia ile miguu yake kama ya mtu mwingine.

"Okota mita. Pima."

Jemutai akadunga wa kulia, akadunga wa kushoto.

"Ziko sawa," alisema.

"Sasa leta chai."