Nilijificha na VPN, ngamia akanitaja

Wakuu, assalaam aleikum. Mimi huwa nasoma tu humu na kutoka kimya, hata darasani sinyooshi mkono. Leo kuna kitu kimenikaa kifuani. Sitaongeza chumvi.

Niko Form Three, naishi Galbet, Garissa. Mambo yangu huandika kwenye daftari, lakini safari hii nilitaka mtu anijibu.

Dada yangu mkubwa, Hodan, alikuwa ameomba chuo cha unesi Nairobi kwa siri. Aabo, baba yetu, tayari alikuwa amekubali posa kutoka Wajir. Hodan aliniambia mimi peke yangu. Alitaka barua ya chuo ifike kwanza, ndio aongee na aabo mwenyewe.

Nikaamua kuomba ushauri kwa group moja ya mtandaoni.

Wi-Fi natumia ya duka la jirani, na mwenye duka anasali na aabo. Nikaweka VPN, nikachagua Uholanzi. Jina bandia, picha hakuna. Nikajiona mjanja.

Na kusema haki, VPN ilifanya kazi yake. Mwenye duka hakuona kitu.

Shida ni mimi. Ili nieleweke, nikaeleza mpaka ngamia aliyetolewa kwa posa hiyo: mweupe, sikio la kushoto liliraruliwa na fisi, hakubali kukamuliwa bila kuimbiwa.

Mtu akapiga screenshot, ikazunguka WhatsApp mpaka kwa adeer, kaka yake aabo, mfugaji huko Wajir. Adeer hajui VPN ni nini. Ngamia anawajua mmoja mmoja, kama sisi tunavyojua watoto wa jirani.

Akapiga simu. Aabo akaweka loudspeaker.

"Huyo ngamia nilimkubali mimi. Sasa nani huko kwako anamtangaza kwa mtandao? Na hiyo mambo ya chuo ni ya nani?"

Hodan hakukana. Aliniangalia mara moja tu. "Abaayo, mdogo wangu, ni wewe?"

Aabo hakupiga kelele. Alisema kama angeambiwa na mtoto wake mwenyewe, angesikiliza.

Barua ya chuo ilikuja baada ya wiki mbili, Hodan amepata nafasi. Harusi ikabaki palepale.

Sasa Hodan yuko Wajir. Tukipigiana simu ananiuliza shule, ananiuliza hali ya hooyo, mama yetu. Yake haniambii.

Wakuu, VPN tumieni, hasa kwa Wi-Fi ya watu. Inaficha uko wapi na unafungua nini. Ulichoandika kwa mkono wako haifichi. Na siri ikiwa ya mwingine, muulize kwanza. Mimi sikumuuliza.

Kama kuna aliyewahi kurudisha imani ya dada yake, aniandikie hapa chini. Nitasoma zote, hata za kunikaripia.